Ombi la Kuwaacha Hai Chawa wa Kitana

Kamali Ramazani
Kinyozi, Kamembe
Jumatano, tarehe 6 Novemba 2013

Kwa Maman Honorine,
Prezida wa Kikundi cha Wafugaji wa Mbuzi Tworozanye,
Kamembe, Rusizi.

Kuhusu: Kusimamisha dawa ya pili, na haki za chawa wanaoishi kwangu

Ndugu Prezida,

Assalam alaikum, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kwaya, Bwana asifiwe pia. Heshima haipungui kwa kutolewa mara mbili. Natumaini mguu wako umepoa tangu ulipoteleza kwenye ngazi za soko. Hapa kwangu sote tu wazima: mimi, mbuzi mama, kitoto chake Kitana, na chawa ambao habari zao ndizo zilizonifanya nifunge saluni mapema leo nikae na kalamu.

Nianze na mambo yalivyo, kwa ajili ya wajumbe walioingia kikundini juzi, na wale walioingia zamani lakini husinzia mikutanoni. Mwaka jana kikundi kilimpa marehemu mke wangu, Mukamazimpaka, mbuzi jike mmoja mweusi mwenye sikio lililokatika ncha. Sharti letu tunalijua wote: unapewa, unafuga, na mtoto jike wa kwanza unampitisha kwa mwenzako anayefuata kwenye orodha. Wa pili na kuendelea ni wako. Anayefuata kwenye orodha ni Maman Nabintu, yule mama mzaliwa wa Bukavu anayevusha samaki wa sambaza na kurudi na vitenge. Mtoto jike wa kwanza ndiye Kitana. Nilimpa jina hilo kwa sababu ana mstari mweupe kichwani, umenyooka kama njia ya nywele iliyopasuliwa na mtu anayejua kazi yake.

Kitana alitakiwa kuondoka Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi. Siku moja kabla, Dokta Ndayisaba, mganga wetu wa mifugo, alikuja kumkagua, akampasua manyoya kwa vidole, akakuta chawa. Kanuni ya sita ya kikundi inasema mfugo hautapitishwa ukiwa na ugonjwa, kidonda au mdudu. Basi makabidhiano yakaahirishwa hadi Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Dokta akanyunyiza dawa ya kwanza palepale, akasema atarudi Ijumaa hii, yaani kesho kutwa, kunyunyiza ya pili.

Mimi sipingi kanuni ya sita. Ndiyo kanuni nzuri kuliko zote tulizowahi kuandika, na niliyeipendekeza ni mimi mwenyewe, ingawa kwenye daftari imeandikwa jina la mtu mwingine. Ninachopinga ni haraka ya kuwaondoa wale ambao kanuni inawahitaji ili ifanye kazi yake. Chawa wakiisha, kanuni ya sita itakula nini? Malalamiko yangu nimeyapa namba, wajumbe wasipotee njiani kama walivyopotea katika ule mkutano wa Agosti ulioanza na habari ya uzio ukamalizika na habari ya harusi.

LA KWANZA: Namna chawa walivyotangazwa.

Dokta alifika siku ya Ijumaa saa saba mchana, nikiwa msikitini. Wewe mwenyewe unajua Ijumaa saa saba Kamali yuko wapi. Kwenye kiti changu cha saluni nilikuwa nimemwacha mteja, Papa Mukengere, mfanyabiashara wa Bukavu, akiwa amenyolewa upande wa kulia na upande wa kushoto bado. Si jambo geni. Wateja wangu wamezoea: adhana ikiita, mashine inazimwa, mtu anakaa anasoma gazeti la zamani mpaka nirudi.

Dokta akapita nyuma ya nyumba, akamshika Kitana, na badala ya kuandika kimyakimya kwenye karatasi yake kama msomi, akapaza sauti yake ile ya kuitia ng'ombe wa Rwimbogo: "Kwa Kamali kuko chawa!" Alisema kwa Kamali. Hakusema kwa mbuzi wa Kamali. Papa Mukengere aliyasikia hayo kupitia dirishani. Niliporudi nilikuta taulo sakafuni na kiti kinaendelea kuzunguka. Nasikia alivuka mpaka wa Rusizi ya kwanza hivyohivyo, nusu ana nywele nusu hana, na pale wanapokagua vitambulisho walimtazama mara mbili, kila upande mara moja. Nilipompigia simu nimwombe arudi nimalizie, alinijibu: "Hapana, Papa Kamali. Kichwa yangu ibakie vile. Afazali nusu kuliko bachawa."

Miaka arobaini nimewanyoa watu wa mji huu. Nimewanyoa mabwana harusi, mahujaji, na wanafunzi wanaorudi shule. Hakuna aliyewahi kuondoka kwangu na kichwa cha aina mbili. Naomba Dokta atangaze upya, kwa sauti ileile, kwamba chawa ni wa mbuzi.

LA PILI: Ujinga juu ya chawa wenyewe.

Maman Prezida, katika kikundi hiki chote hakuna anayewajua chawa kunishinda mimi. Wa kichwani nawajua kwa mwendo. Niwekee kichwa cha mtoto mbele yangu, nitakuambia walifika lini na wanatarajia kukaa muda gani. Kwa hiyo nilipomchunguza Kitana kwa miwani yangu, nilitambua mara moja kwamba hawa ni ukoo mwingine kabisa. Chawa wa mbuzi ana kichwa kirefu chembamba na rangi inayoelekea bluu, kama wino uliolowa maji. Ana miguu sita yenye kucha za kushikia unywele, na akishaushika hauachi hata mbuzi akijikuna ukutani tangu asubuhi. Anakunywa damu kidogo, anarudi mahali pake. Hapigi kelele na hapiti nyumba hadi nyumba kuomba chumvi.

Zaidi ya yote, chawa wa mbuzi haishi kwa binadamu. Kila ukoo wa chawa una mnyama wake: wa nguruwe kwa nguruwe, wa mbwa kwa mbwa, wa mbuzi kwa mbuzi. Mwekee mkono, atautembelea kidogo, ataona hapafai, atashuka. Sisi binadamu tunashindwa adabu hiyo. Mtu ana kwake lakini utamkuta kila siku kwa jirani wakati wa chakula.

Nimeyasema haya kwa sababu kuna mjumbe aliyeeneza habari kwamba watoto wa Maman Nabintu wataota chawa vichwani wakimpokea Kitana. Huo ni uongo mtupu. Wangeweza kumpokea Kitana hata leo, wakalala naye mkeka mmoja, na wasipatwe na lolote.

Nimesoma tena sentensi hiyo ya mwisho na naona wajumbe wanaweza kuielewa vibaya. Sikusema apelekwe leo. Nimesema tu kwamba hakuna hatari. Lakini palipo na chawa pana kanuni ya sita, na kanuni haiulizi kama kuna hatari, inauliza kama kuna mdudu. Mdudu yupo.

LA TATU: Methali ya kikundi.

Kwenye jalada la daftari letu, na kwenye kibao pale tunapokutania, tumeandika kwa rangi nyekundu: "Kidole kimoja hakivunji chawa." Niliipigia kura methali hiyo mwenyewe, kwa sababu inatufundisha umoja. Lakini wakati ule sikuwa na chawa. Sasa ninao, na kila nikisaini daftari nasoma kwamba kikundi kizima kimekusanya vidole dhidi ya watu wa nyumbani kwangu.

Nauliza kwa heshima: je, hakuna methali nyingine ya umoja isiyo na mauaji ndani yake? Haba na haba hujaza kibaba ipo, haijafanya kosa lolote. Napendekeza kibao kipakwe rangi upya kabla ya mkutano ujao. Rangi nitatoa mimi, ile ya kijani iliyobaki nilipopaka mlango wa saluni.

LA NNE: Kuvunja familia.

Chawa wa mbuzi huzaliwa juu ya mbuzi, huoa juu ya mbuzi, huzaa na kufa juu ya mbuzi huyohuyo. Akidondoka chini hamalizi wiki. Kwake yeye Kitana ndiyo nchi. Mgongo ni mlima, shingo ni bonde, na pale nyuma ya masikio, penye joto, ndipo mjini.

Nyumbani kwangu koo hizi zimegawanyika: wazee wako kwa mbuzi mama, vijana wamehamia kwa Kitana. Jioni, mama na mwana wanapolala ubavu kwa ubavu, watu hutembeleana. Kumtoa Kitana hapa ni kuwachukua vijana wote kwa mpigo na kuwapeleka uhamishoni bila kuwauliza wazee wao. Katika mji ambao nusu ya watu wana shangazi ng'ambo ya mto, nilidhani sisi ndio tungekuwa wa mwisho kufanya jambo kama hilo.

Wajumbe watasema mbuzi huuzwa na kuhamishwa kila siku ya soko, na hakuna anayewalilia chawa wao. Ni kweli. Hao walikosa mtu wa kuwaandikia barua.

LA TANO.

Hili nilikuwa nimeliandika nikalifuta, kwa sababu si la chawa. Lakini karatasi imebaki na doa la wino, na mtu makini kama wewe atauliza palikuwa na nini. Basi niliseme upesi tuendelee.

Mbuzi alipofika hapa hakuwa wangu. Alikuwa wa Mukamazimpaka. Yeye ndiye aliyeingia kikundini. Mimi nilimcheka, nikamwambia mke wa kinyozi afuge wateja. Kila jioni alikaa kwenye kigoda chake, akamchana mbuzi kwa kitana chake cha mti, kile cha meno makubwa, na kumweleza habari za siku. Mimi nilikuwa nasikiliza nikiwa ndani, ndivyo nilivyokuwa najua mambo ya mtaa. Mbuzi alipopata mimba, mke wangu aliniambia: "Kamali, mbuzi ya kwanza si yetu. Usiizoee." Nikamwambia mimi na mbuzi wapi na wapi. Mwezi wa Juni akatutoka, Mungu amrehemu, na siku ya tisa baada ya hapo Kitana akazaliwa.

Watoto wetu wako Kigali na wanapiga simu Jumapili. Siku nyingine zilizobaki nimekaa na Kitana. Nimemzoea. Nampenda huyu mbuzi, na nikifikiria zizi bila yeye moyo unanishuka. Hilo si lalamiko, ndiyo maana nililifuta.

LA SITA: Dawa ya pili.

Turudi kwenye mambo ya maana. Nilimuuliza Dokta kwa nini arudi baada ya siku kumi na nne, ilhali dawa ya kwanza alinyunyiza mpaka mbuzi akapiga chafya. Alinieleza bila aibu yoyote. Dawa ya kwanza huua wakubwa. Mayai haiyagusi, kwa kuwa yamegandishwa kwenye unywele kwa gundi yake. Basi mtu anangoja. Anahesabu siku mpaka mayai yapasuke, watoto watoke, wasijue baba wala mama, na kabla hawajawahi kutaga wenyewe, yeye anarudi na bomba mgongoni.

Maman Prezida, wewe ni mlezi wa yatima pale kanisani kwenu. Sitaongeza neno. Nakuachia picha hiyo uende nayo kwenye sala.

LA SABA: Sharti limekwisha kutimizwa, au linaweza kutimizwa Jumamosi.

Hapa naomba wajumbe waache kusinzia. Nimelisoma sharti la kikundi kwenye daftari, neno kwa neno. Halikuandikwa mbuzi. Limeandikwa: "mzaliwa wa kwanza wa mfugo uliopewa." Sasa, marehemu mke wangu alipompokea mbuzi mama, siku hiyohiyo alimkuta na chawa. Mashahidi wapo, wewe ukiwa mmojawapo, maana ulimwambia ni chawa wa mvua tu, wataondoka. Kwa hiyo kikundi kilimkabidhi mifugo ya aina mbili kwa kamba moja. Na wale wa aina ya pili walizaa mapema zaidi.

Kwa mantiki hiyo, mzaliwa wa kwanza anayedaiwa si Kitana, ni chawa. Niko tayari kumkabidhi. Nimeandaa kisanduku cha kiberiti, ndani nimeweka unywele mmoja wa mbuzi awe na pa kushika. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mbele ya wajumbe wote, baada ya umuganda, nitamkabidhi Maman Nabintu mzaliwa huyo kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka. Apigiwe makofi, daftari lisainiwe, mambo yaishe.

Kwa kuwa chawa hawezi kukaa siku nyingi nje ya mbuzi, na Maman Nabintu bado hana mbuzi, nitajitolea kumlaza mfugo wake huyo juu ya Kitana, hapahapa kwangu, bila masharti, kwa muda wote ambao Kitana atakuwa hai. Maman Nabintu atakaribishwa kuja kumwona wakati wowote. Nitamkopesha miwani.

Naomba ieleweke kwamba sina ugomvi wowote na mama huyo. Ni mwanamke mpole, na alikuwa rafiki wa mke wangu hata kuliko dada zake. Nilipomwambia makabidhiano yameahirishwa hakununa. Alisema tu: "Si neno, Papa Kamali, siko na haraka. Ni batoto tu bananiuliza kila asubuhi kama mbuzi imepona." Sentensi hiyo imekuwa ikinisumbua wakati wa kula, lakini nimeamua kutoiweka kwenye malalamiko kwa sababu haina upande wangu.

Kwa hayo yote, naomba kikundi kiamue mambo manne. Dokta asije Ijumaa, na akija aje bila bomba. Chawa waishio kwangu waandikwe kwenye daftari kama wakazi, ukurasa wao wenyewe, idadi iachwe wazi kwa sababu hubadilika kati ya asubuhi na mchana. Mimi niteuliwe mlezi wao, cheo bila mshahara. Na Kitana, kwa kuwa ndiye makazi yao halali, asihamishwe mpaka wote wakubali kwa kauli moja.

Sitaki kutumia vitisho katika barua ya heshima. Lakini kikundi kikikataa, nitalazimika kuandika kwa wilaya, na mwandiko wangu unasomeka vizuri.

Nisalimie wajumbe wote, wanaonipenda na wanaonidai kunyoa kwa upole zaidi. Msalimie Papa Muhigirwa na umkumbushe ndevu zake zimefika wakati. Wasalimie wanakwaya wenzako. Jumapili nawasikia mpaka saluni, na sauti ya pili inahitaji mtu mmoja zaidi. Msalimie Dokta Ndayisaba, kwa umbali. Mguu wako uendelee kupona, na Mungu atukutanishe Jumamosi hiyo tukiwa wazima, sisi na wa kwetu.

Wako katika ufugaji wa kila aina,

Kamali Ramazani
Kinyozi, na mlezi wa muda wa chawa

Nakala kwa:
Dokta Ndayisaba, aache bomba nyumbani
Daftari la kikundi
Chawa wenyewe, kwa taarifa (watasomewa)

Nyongeza, Alhamisi asubuhi.

Maman Prezida, barua hii nilikuwa nimeifunga jana alasiri kwa gundi. Umeona bahasha imechanika nikaifunga tena kwa plasta ya majeraha. Naomba yote uliyoyasoma hapo juu uyasome kama mambo ya mtu mwingine.

Jana baada ya kuifunga, Maman Nabintu alipita na majani ya viazi. Sikuwa nimekuambia kwamba hupita nayo kila siku, tangu Juni. Alikaa kwenye kigoda cha mke wangu, ambacho sijamruhusu mtu kukikalia, lakini yeye hakuomba ruhusa. Akampakata Kitana. Akampasua manyoya kuanzia shingoni mpaka mkiani, taratibu, mstari kwa mstari. Akatafuta muda mrefu. Kisha akaniangalia. "Papa Kamali, hii mbuzi haina hata kachawa kamoja. Siku yote umekaa unaandika nini?"

Nikamwambia atazame nyuma ya masikio. Akatazama. Hapakuwa na kitu.

Nataka uujue ukweli kutoka kwangu kabla hujausikia sokoni. Chawa wa Kitana, na wa mama yake aliyenyunyiziwa naye, walikwisha siku ya pili baada ya dawa ya kwanza. Dokta anajua kazi yake. Nilipoona hivyo nilipanda hadi Gikundamvura kwa rafiki yangu Harelimana, ambaye mbuzi wake anao wa kutosha, nikamwazima mbuzi huyo kwa siku mbili, nikamfunga pamoja na Kitana. Nilimwambia Harelimana namtaka kwa ajili ya kumchangamsha mwenzake. Walihamia chawa kumi na mmoja. Niliwahesabu, nikafurahi, nikasema makabidhiano ya mwezi huu yamepita.

Lakini jioni hukaa na Kitana, Maman Prezida. Nachukua kile kitana cha mti na kumweleza habari za siku, kama alivyokuwa akifanya mwenye nacho. Naongea, mikono inaendelea. Na mikono yangu haijui kumwona chawa ikampita. Ina miaka arobaini ya kazi hiyo, na haikuniuliza kama safari hii tuko upande wao. Kufika siku ya pili hapakuwa na hata mmoja. Nilimrudia Harelimana, nikaazima tena, nikawamaliza tena. Jana nilipokuwa naandika lalamiko la saba, kile kisanduku cha kiberiti kilikuwa na unywele mtupu.

Nilimweleza Maman Nabintu hayo yote. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge, kisha akaendelea kuyafuta, na mimi nikaenda kutazama kama mlango wa saluni umefungwa.

Leo asubuhi nimempeleka Kitana. Katika lalamiko la nne nilitumia neno uhamishoni. Nimepima kwa miguu: kutoka mlango wangu hadi mlango wa Maman Nabintu ni hatua arobaini na moja, na tatu kati ya hizo ni za kukwepa mtaro. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni, wamekwisha kumtandikia majani makavu, tena tangu zamani kwa jinsi nilivyoona. Kitana aliingia bila kugeuka. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, nikasema ni zawadi ya Mukamazimpaka, maana ndiye aliyesaini. Kigoda chake nacho nilikibeba, nimekiacha hukohuko.

Kwa hiyo Dokta aje kesho na bomba lake, kwa ajili ya mayai kama yapo, lakini apite kwa Maman Nabintu, ndiko mbuzi aliko. Kibao cha methali kiachwe kilivyo. Makofi mtapiga siku hiyohiyo ya Jumamosi, mimi nitakuwepo na nitapiga pia.

Maman Nabintu alitoa sharti moja tu kabla ya kumpokea: "Lakini utakuya kila mangaribi kuichana. Mimi sijue kuchana mbuzi." Nimekubali. Basi siku yoyote Kitana akionekana na chawa, kikundi kisimguse mama wa watu. Kosa ni la kinyozi. Niandikieni mimi, na malalamiko yenu myape namba.